Profesa Aliyeitaka Ikweta Yetu

Tulikuwa tumekaa na wazee barazani pale Mnyuzi, wilayani Korogwe, baada ya chakula cha jioni. Umeme ulikuwa umekatika, mwezi ulikuwa umekwisha kuzama, na juu ya mashamba ya katani nyota zilitanda kwa wingi ambao mkazi wa Dar es Salaam huenda asiuone mwaka mzima. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akaja, akatuamkia, akaketi pembeni kama ilivyo adabu, na alipopewa nafasi akasema kwamba mwalimu wao wa fizikia amewaambia wako maprofesa duniani ambao kazi yao ni kuzisikiliza nyota kwa redio. Akataka kujua: kazi hiyo humfikisha mtu wapi?

Mzee mmoja akacheka, akamjibu, "Itakufikisha kwenye njaa, mjukuu wangu." Wote wakacheka. Sisi tulicheka kidogo kwa heshima ya mwenyeji, lakini swali hatukuliona kuwa la kipuuzi. Mzazi auzaye mahindi ili mwanawe apate madaftari na viatu ana haki ya kuuliza elimu hiyo yaelekea wapi, na kijana mwenyewe ana haki zaidi. Kwa hiyo tuliahidi kumjibu, na jibu letu ni hili.

Kwanza na tueleze hiyo redio yenyewe, maana wengi wetu tukilisikia neno hilo hukumbuka taarifa ya habari na muziki wa taarab. Mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru. Tofauti yao ni urefu wa wimbi tu. Nyota na mawingu ya gesi yaliyoko mbinguni hutoa nuru tunayoiona, lakini mengine hutoa pia mawimbi ya redio ambayo jicho haliyaoni. Jambo hili lilijulikana kwa bahati. Mhandisi Mmarekani Karl Jansky alikuwa ametumwa na kampuni yake kuchunguza ni kelele gani iliyokuwa ikiharibu simu za redio zilizovuka bahari ya Atlantiki. Akaisikia sauti ya mvumo iliyorudi kila siku, lakini haikurudi saa ile ile: kila siku ilitangulia kwa dakika 4. Mkulima yeyote aliyefundishwa na baba yake kukitazama Kilimia kabla ya kupanda atafahamu upesi maana ya dakika hizo 4, kwa kuwa nyota nazo hutangulia hivyo hivyo kila usiku. Mwaka 1933 Jansky alitangaza kwamba mvumo ule hautoki duniani wala kwenye jua, bali hutoka katikati ya ule mkanda mweupe wa nyota uukatao mbingu.

Mawimbi hayo ni dhaifu mno. Wataalamu hupenda kusema kwamba simu ya mkononi ingewashwa mwezini, ingekuwa miongoni mwa vitu vyenye mvumo mkubwa kabisa katika anga la redio. Ndiyo sababu darubini za kazi hii hujengwa kubwa kupita kiasi, na ndiyo sababu hupendelea mashamba na milima kuliko miji.

Sasa tumtaje mtu wetu. Profesa Govind Swarup alizaliwa Machi 1929 katika mji mdogo wa Thakurdwara, jimbo la Uttar Pradesh huko India. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Allahabad, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1948, nchi yake ikiwa huru kwa muda wa mwaka mmoja tu, na ya pili mwaka 1950. Kisha akaingia Maabara ya Taifa ya Fizikia mjini Delhi, chini ya mwanasayansi mashuhuri K. S. Krishnan. Krishnan alikuwa amekwenda mkutanoni Sydney mwaka 1952, akarudi ameshangazwa na mambo waliyokuwa wakiyafanya Waaustralia kwa vyombo vya redio vilivyobaki kutoka katika vita. Mwaka 1953 akampeleka kijana wake huko kwa msaada wa Mpango wa Colombo.

Huko Swarup alijifunza kwa mikono yake. Palikuwa na nyungo 32, kila mmoja ukiwa na upana wa chini kidogo ya mita 2, zilizopangwa safu kulitazama jua. Waaustralia walipokuwa hawazihitaji tena, Swarup aliomba ziende India, nao wakakubali. Msomaji asidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Alirudi Delhi mwaka 1955 akaingojea zawadi yake, nayo haikufika, kwa sababu ya nauli: nani alipe fedha za kigeni za kuzisafirisha? Nyungo zilizokwisha kutolewa bure zikakaa ng'ambo kwa miaka kwa ajili ya gharama ya meli. Sisi wa nchi hizi twaijua hadithi ya namna hiyo, maana ni mara ngapi tumeona mashine ya msaada ikilala bandarini!

Hakukaa kuzilinda hasira zake. Mwaka 1956 alikwenda Marekani, akafanya kazi katika kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichokuwa Fort Davis, Texas, ambako alishiriki kugundua aina mpya ya milipuko ya redio itokayo juani. Mwaka 1957 akaingia Chuo Kikuu cha Stanford, akifundishwa na Ronald Bracewell, akapata shahada ya udaktari mwaka 1961, akapewa na kazi ya kufundisha pale pale. Hapo ndipo wengi hukomea, wala hatuwalaumu: mshahara ulikuwa mzuri, maabara zilikuwa tele, na jina lilikuwa limeanza kujulikana.

Mwaka huo wa 1961 wanajimu wa dunia walikutana Berkeley, jimbo la California. Wahindi wanne waliokuwa wakifanya kazi katika nchi za ng'ambo walikaa pamoja, Swarup, T. K. Menon, M. R. Kundu na T. Krishnan, wakaandika barua moja, wakaipeleka kwa wakuu wa taasisi kadhaa za nchi yao. Walisema kwamba wako tayari kurudi nyumbani wakiwa kundi, kama kuna mtu atakayewapa mahali pa kufanyia kazi. Katika maisha yote ya profesa huyu hakuna jambo tunalolipenda kuliko barua hiyo. Hawakuomba kwanza vyeo wala nyumba. Waliomba kazi, na waliiomba pamoja, wakijua kwamba mtaalamu mmoja akirudi peke yake huweza kunyauka kama mche uliopandwa juu ya mwamba.

Aliyejibu kwa uzito ni Homi Bhabha, mkuu wa Taasisi ya Utafiti ya Tata mjini Bombay. Mapema mwaka 1962 alipeleka simu ya maandishi kuwajulisha kwamba amekata shauri kuanzisha kundi hilo. Hakuunda tume ya kuchunguza iwapo tume yafaa kuundwa. Swarup ndiye aliyetangulia. Mwaka 1963 aliiacha Stanford akaenda Bombay. (Ni mwaka ule ule ambao reli ya kutoka Ruvu iliunganishwa na ya Tanga hapa Mnyuzi, na wazee wa baraza ile waikumbuka vema shughuli yake.) Zile nyungo 32 za Australia, zilizokwisha kufika Delhi na kukaa bila kazi, akazichukua, akazisimamisha Kalyan karibu na Bombay, na vijana wake wakaanza nazo kulitazama jua.

Lakini zilikuwa za kujifunzia tu. Fikira kubwa ilimjia kutokana na habari za mwezi. Mwaka 1962 darubini ya Parkes huko Australia ilikuwa imeutazama mwezi ukipita mbele ya kitu kimoja kitoacho mawimbi ya redio, kiitwacho 3C 273. Mwezi ulipokikinga, sauti ilikatika, ulipokiachia, ikarudi. Kwa kuwa mahali pa mwezi hujulikana kwa kila nukta ya saa, mahali pa kitu kile pakajulikana pia, na kwa njia hiyo wanajimu wakapambanua, mwaka 1963, kwamba si nyota ya karibu bali ni kitu cha mbali ajabu, aina iitwayo sasa kwasa. Swarup akajiuliza: ikiwa mwezi mmoja ukipita mara moja umetupa haya, je, tukijenga darubini iwezayo kuufuata mwezi saa nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka?

Hapa twamwomba msomaji atuvumilie kidogo. Swarup aliwaza darubini ndefu mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, mita 530 kwa urefu na mita 30 kwa upana. Chombo kirefu hivyo hakigeuki ovyo. Lakini kikilazwa sambamba na mhimili wa dunia, ule ambao dunia huuzunguka, basi yatosha kukibiringisha kwa mwendo wa saa, nacho kitafuata nyota moja tangu mashariki hata magharibi. Tatizo ni kwamba mhimili wa dunia hauko sambamba na ardhi ila kwenye Ikweta. Mahali palipo nyuzi 11 kaskazini mwa Ikweta, ardhi yenyewe yapasa iinuke kuelekea kaskazini kwa nyuzi 11. Basi wakatafuta kilima, wakakipata kusini mwa India, katika milima ya Nilgiri karibu na mji wa Ooty: kilima ambacho Mungu alikwisha kukilaza kwa nyuzi zile zile.

Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 60. Bhabha hakuuona ukimalizika, kwa maana alikufa katika ajali ya ndege kwenye Mont Blanc Januari 1966. Sisi Tanzania tulipokuwa tukilijadili Azimio la Arusha mwaka 1967, na neno kujitegemea likiwa midomoni mwa kila mtu, kwenye kilima hicho wahandisi na mafundi wa Kihindi walikuwa wakisimamisha fremu 24 za chuma, na juu yake kutandika nyuzi 1,100 za chuma kisichoshika kutu, nyembamba kuliko nusu milimita, kila uzi ukienda urefu wote wa darubini. Mtu wa Mnyuzi aliyezoea kuona singa za katani zimeanikwa kwenye nyaya hahitaji picha. Hazikuwa bamba za gharama. Zilikuwa nyuzi, kwa kuwa mawimbi yaliyokusudiwa ni marefu, karibu mita nzima, nayo hayapenyi katikati ya nyuzi zilizokaribiana. Darubini ikaanza kazi mwaka 1970. Iliweza kufuata kitu kimoja kwa zaidi ya saa 9 kwa siku.

Kwa miaka iliyofuata waliwatega mwezini zaidi ya vyanzo 1,000 vya mawimbi, wakapima ukubwa wake. Vile dhaifu, ambavyo ndivyo vya mbali zaidi, vilionekana kuwa vidogo kwa namna ambayo haikupatana na fundisho la wale waliodai kwamba ulimwengu umekuwa hivi hivi milele. Mwaka 1975 Swarup na mwanafunzi wake Vijay Kapahi walitoa ushahidi huo, nao ukaongezea nguvu rai ya kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo na tangu hapo unapanuka. Jambo hilo lilisemwa kutoka kilimani, katika nchi ambayo wakati ule wengi walidhani haina la kuuambia ulimwengu ila habari za njaa.

Twaja sasa kwenye sehemu ituhusuyo sisi, na ambayo, kwa bahati mbaya, haijulikani sana hapa kwetu. Akiwa amekwisha kujua faida na shida ya kile kilima, Swarup aliuliza swali jingine: kwa nini tutafute kilima? Twende kwenye Ikweta yenyewe, ambako ardhi tambarare yatosha, na darubini yaweza kurefushwa kadiri fedha ziruhusuvyo. Na aliye kwenye Ikweta huiona mbingu ya kaskazini na ya kusini kwa pamoja. Mwaka 1979 aliandika pendekezo pamoja na Waafrika wawili. Mmoja alikuwa Profesa Samuel Okoye wa Nigeria, aliyepata udaktari wa elimu hii Cambridge, na ambaye pamoja na Antony Hewish alieleza mwaka 1965 kwamba ndani ya Nebula ya Kaa mna chanzo kidogo cha mawimbi chenye nguvu isiyo ya kawaida, miaka mitatu kabla haijajulikana kwamba mle mna pulsa. Wa pili alikuwa Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, mzaliwa wa Mombasa na mwanafunzi wa zamani wa Makerere, mtaalamu wa wadudu! Kwamba bingwa wa mbung'o na wadudu wengine aliweka jina lake kwenye mradi wa nyota ni jambo lililotufurahisha sana. Odhiambo alikuwa ameanzisha Nairobi mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na alijua kwamba Mwafrika akishaweza kuendesha maabara moja ya daraja la kwanza, aweza kuendesha nyingine.

Walichokipendekeza kilikuwa darubini ya urefu wa kilomita 2 na upana wa mita 50, yaani eneo la mita za mraba 100,000, zaidi ya mara sita ya ile ya Ooty. Kenya ilikuwa moja ya nchi zilizofikiriwa, na Indonesia vilevile. Lakini darubini ilikuwa nusu ya mradi. Nusu ya pili ilikuwa taasisi ya kimataifa ya elimu ya anga na elektroniki, ambamo vijana wa nchi zinazoendelea wangefundishwa kuunda vyombo wenyewe, kwa gharama na usimamizi wa nchi hizo zenyewe. Twakumbuka kwamba pwani ya Kenya ilikuwa imekwisha kuonyesha thamani ya Ikweta: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Jina lilikuwa letu. Chombo na jukwaa vilikuwa vya watu wengine. Mradi wa Swarup, Okoye na Odhiambo ulitaka hata chombo kiwe chetu.

Haukujengwa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ilikwisha kuwa dhahiri kwamba hautasogea, na mwaka 1984 Swarup, akiwa na miaka 55, aliugeuza uso wake kuelekea nyumbani akabuni kitu kingine: nyungo 30, kila mmoja wenye upana wa mita 45, zitawanywe katika eneo la kilomita 25 karibu na Narayangaon, kaskazini mwa mji wa Pune. Tena alitumia nyuzi. Badala ya bamba nzito, wavu mwepesi wa waya ulivutwa kwa kamba za chuma, ili upepo upite na gharama ishuke. Kazi ya ujenzi ilichukua miaka ya 90, na darubini hiyo imetumiwa na wataalamu wa nchi nyingi tangu mwanzo wa karne hii. Mwaka 1991 Swarup alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London. Alistaafu mwaka 1994, lakini aliendelea kufika kazini na kuwasumbua vijana kwa maswali. Alifariki Pune tarehe 7 Septemba 2020, akiwa na umri wa miaka 91.

Tuseme kweli. Twaona haya kidogo tusomapo kwamba nyuzi na nyungo zilizo karibu na Pune zilianzia kwenye fikira iliyokuwa ikitafuta uwanja Afrika. Wala hatusemi kwamba serikali za Afrika Mashariki za mwaka 1979 zingepaswa kuacha zahanati zijenge darubini. Mwaka ule sisi wenyewe tulikuwa tumetoka vitani na Idi Amin, na hazina ilikuwa tupu. Hilo ni udhuru wa haki kwa mwaka 1979. Lakini mwaka 2012, dunia ilipoamua kwamba darubini kubwa kupita zote ya redio igawanywe kati ya Afrika Kusini na Australia, nchi 8 nyingine za Afrika zilikuwa zimejiunga na mpango huo: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Msomaji ahesabu mwenyewe. Majirani zetu watatu wamo, Tanzania haimo. Ghana haikungoja nyungo mpya, bali iliuchukua ungo wa zamani wa mawasiliano wa mita 32 pale Kuntunse, ikaugeuza kuwa darubini, nayo ikazinduliwa mwaka 2017. Kwa mwaka ule udhuru wa vita hautoshi, na wenye dhamana ya elimu ya juu wangefaa kutueleza wananchi ni nini kilichotuzuia kuketi kwenye meza ile, na kama kiti bado chaweza kupatikana.

Isije ikasemwa kwamba wananchi hawayajali mambo haya. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watu walimiminika Rujewa wilayani Mbarali, wanafunzi, wakulima na wageni, wakaitazama pete ya moto kwa miwani maalumu.

Asubuhi ya pili tulimweleza yule kijana sehemu kubwa ya habari hizi, tukamwambia kwamba njia yenyewe huanzia kwenye fizikia na hisabati za kidato cha tano, na kwamba profesa wake alianza kwa kushika koleo na kuunganisha nyaya. Kuhusu njaa, tulimwambia kwamba Swarup hakufa njaa, lakini kama angalitafuta utajiri angalibaki California. Akauliza kama Mnyuzi pangefaa kwa darubini kama ya Ooty. Tukamjibu kwamba Mnyuzi ipo kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo angehitaji mteremko wa nyuzi 5 unaopanda kuelekea kusini. Kwa urefu wa kilomita 2 ungepanda kama mita 174.

Akaenda kuleta kipimapembe chake cha shule. Akafunga uzi wa katani katikati yake na kijiwe mwishoni, akatuongoza mpaka nyuma ya shamba, akakilenga kilima kilichokuwa mbele yetu. Akasoma: nyuzi 6, labda 7. Tukamwuliza, chapanda kuelekea wapi? Akalitazama jua, akafikiri, akasema: "Kaskazini." Kisha akacheka mwenyewe, akaukunja uzi, akatuaga kwa heshima, akavuka reli kwenda kutazama upande wa pili.